Mtoto Anaporudi Kutoka Shule

Kati ya mabadiliko yote ya siku ya shule, yaani mtoto anapohama kutoka shughuli moja hadi nyingine, yanayonishughulisha zaidi ni yale ya alasiri, mtoto anaporudi nyumbani baada ya kujizuia kutwa nzima darasani, kisha akaangua kilio kwa sababu ya kamba ya kiatu tu. Wengi hukiita kilio hicho utundu. Mimi nakiona kuwa uchovu. Kwa hiyo simhoji mlangoni, bali humpa maji, chakula kidogo na nafasi ya kucheza kabla sijataja kazi za shule. Asubuhi huwa nyepesi iwapo nguo na mkoba vimeandaliwa usiku. Kuhusu kuzima runinga, kumtahadharisha dakika 5 kabla husaidia, ingawa kwa mtoto asiyejua kusoma saa ni afadhali kumwambia, "Kipindi hiki kikiisha, tunakwenda kuoga."