Kilo 1.4

Juzi shule walitaka nakala ya kadi ya kliniki, tukaitafuta mpaka chini ya sanduku la nguo. Binti yangu akaisoma yote, siku hizi hakuna maandishi yanayompita.

"Mama, hii 1.4 ni kilo ya nini?"

"Yako," nikamwambia. Nikaishia hapo.

Mimba ilikuwa ya wiki 31. Alfajiri niliamka kwenda msalani, nikahisi kitu cha moto kikinitiririka mapajani. Nikadhani chupa imepasuka. Kuwasha taa, khanga nzima nyekundu mbichi, na siumwi hata chembe. Mama mkwe akanishika mkono: "Mwanangu, kama husikii uchungu, huko ni kuchoka tu. Lala." Nikalala, damu ikakatika. Mchana nikapika, nikafua. Magharibi ikarudi kwa nguvu, ndipo tukakodi gari kutoka Muheza kwenda Tanga mjini.

Na nilishaambiwa kwenye utrasaundi ya miezi mitano kwamba kondo la nyuma limekaa chini. Mara nyingi husogea juu mfuko wa uzazi unapotanuka. Langu lilibaki palepale, limeziba mlango. Mlango ukianza kulegea, kondo linabanduka na damu inatoka bila maumivu yoyote. Kinachomtuliza mama ndicho cha kuogopwa.

Wodini, kijana aliyekuwa mafunzoni alivaa glovu anipime njia. Nesi mmoja mtu mzima akamdaka mkono: "Huyu hapimwi kwa kidole! Unataka amwage damu yote?" Wakanitundikia dripu, shemeji zangu wakaenda kuchangia damu. Daktari akanieleza: sindano nne za deksamethasoni, moja kila baada ya saa 12, mapafu ya mtoto yakomae. Tuombe damu itulie mpaka ziishe.

Ya kwanza nilichomwa saa tatu usiku. Nikalala ubavu wa kushoto, macho kwenye saa ya ukutani juu ya meza ya manesi. Nilikuwa nabana kikohozi. Nikisikia unyevu, napeleka mkono chini ya shuka, nautoa, nauangalia kwenye mwanga wa korido. Jasho. Baada ya muda tena: jasho. Saa tatu asubuhi, ya pili. Mtoto akacheza, nikamwambia atulie, kana kwamba yeye ndiye anayelivuta kondo. Saa tatu usiku, ya tatu. Saa kumi alfajiri nilipeleka mkono chini ya shuka, nikautoa, haukuwa jasho.

Wananikimbiza teata, mimi nasema, "Bado moja. Dokta, bado moja."

Wiki tano tulikaa wodi ya njiti. Mpira puani, mtoto kifuani mchana na usiku, na kumsugua unyayo kila aliposahau kupumua. Akapona.

Daktari alinihakikishia kwamba hata zile tatu zilisaidia sana. Namwamini. Lakini toka alfajiri ile mpaka magharibi ni saa 12, sindano moja kamili, na mimi nilikuwa nafua. Kila anapoishiwa pumzi akikimbia, nazihesabu upya.

Binti alikwenda jikoni, akarudi na paketi ya kilo moja ya sukari ameibana kifuani. "Nilikuwa hivi?"

"Zaidi kidogo."

Habari ya kufua sijamwambia.