Miezi miwili nilimeza vidonge vya damu na chai ya maziwa

Shangazi yangu ndo alianza. Siku hiyo nimetoka sokoni nimepanda ngazi za nyumbani huku Langoni, na nyie mwazijua ngazi za nyumba za Lamu zilivyosimama, kufika juu nikakaa sakafuni nahema kama punda aliyebeba matofali. Akanifunua ukope wa chini, akatazama, akasema, "Mwanangu wewe una safura. Na udongo walamba?"

Nilikuwa nalamba jamani. Kipande kilikuwa kwenye mkoba saa ileile. Mi nilidhani ni ladha tu, kumbe mwili ukipungukiwa na chuma kuna watu hutamani udongo na wengine hutafuna barafu siku nzima, na huo udongo hauongezi damu hata chembe, unazuia chuma kisiingie mwilini na waweza kukupa minyoo juu yake. Wazee kutumia neno moja safura kwa minyoo na kwa damu kupungua hawakuwa wajinga.

Nikaenda kupima, Hb, yaani kipimo cha wingi wa damu, 8.9. Mwanamke asiye na mimba atakiwa awe 12 kwenda juu, mwenye mimba 11. Hedhi yangu ni nzito miaka yote na sikuwahi kumwambia daktari, nilijua ndo maumbile. Nikapewa dawa ya minyoo na vidonge vyekundu vya chuma viitwavyo ferasi salfeti, kimoja kwa siku, haya mwengine. Foleni ilikuwa ndefu, hakuna aliyeniambia nimeze na nini.

Basi mi kila asubuhi, mahamri, mbaazi za nazi, chai ya maziwa ya hiliki, kidonge nasukumia na hiyohiyo chai. Miezi miwili sikukosa hata siku moja! Narudi kupima, 9.1. Nililia palepale benchini.

Aliyeniokoa ni dada wa kemisti, aliniuliza tu, "Wameza na nini?" nilipomwambia akacheka mpaka akashika kaunta. Chai ina tanini inayokamata chuma tumboni kinapita bure, maziwa yana kalsiamu nayo yazuia, hata mbaazi zenyewe zinapunguza, yaani mi nilikuwa nimekusanya maadui wote kwenye sinia moja. Kahawa vilevile, na dawa za kiungulia. Akaniambia nimeze tumbo tupu na maji nilokamulia ndimu, vitamini C yasaidia chuma kuingia, chai ingoje saa moja au mbili. Nikihisi kichefuchefu nile kitu kidogo, bora hivyo kuliko kuacha dawa. Na kama watumia dawa ya tezi ya shingo au antibiotiki, muulize kwanza mtu wa kemisti mpishanishe masaa.

Halafu akanigeuzia boksi. Imeandikwa 200 mg, lakini hiyo ni uzito wa chuma pamoja na salfeti kilichoungana nayo, chuma chenyewe ndani ni kama 65. Kuna aina nyingine za vidonge vya chuma, fumarati ya 200 nayo ni kama 65 hivihivi, glukoneti ya 300 ni 35 tu. Kwa hivyo ukinunua kwa kutazama namba kubwa ya mbele umepigwa. Nilikuwa nimeagiza mtandaoni chupa moja ya bei kali, picha ya bitiruti hapo mbele, kusoma nyuma chuma 5 mg, nikaona bora hizo pesa ningenunua ini.

Sasa nameza siku moja naruka siku moja, tumekubaliana na daktari. Ukimeza chuma mwili unatoa homoni inayofunga mlango kama siku nzima, kwa hivyo cha kesho yake kingi kinapotea na tumbo linateseka bure. Lakini mama mjamzito usiniige mimi, vile vya kliniki vya chuma 60 mg na foliki vinamezwa kila siku.

Choo kitakuwa cheusi, usishtuke, mi nilishtuka. Kikiwa cheusi cha kunata kama lami na harufu mbaya, hicho si cha vidonge, nenda hospitali. Kufunga choo nako kupo, papai na maji mengi vimenisaidia.

Kilichonitisha kweli ni mtoto wa ndugu yangu, ana miaka miwili, nilimkuta ameketi na pakiti yangu kaviona vyekundu kadhani peremende, kimoja kiko kidoleni. Hakuwahi kumeza. Vidonge vichache tu vyaweza kumuua mtoto mdogo, na mbaya zaidi akishatapika anaweza kuonekana amepoa kumbe ini linaharibika, hapo hakuna kungoja. Sasa viko juu ya kabati, ndani ya kopo lenye kifuniko kigumu.

Wiki iliyopita nimepima, 11.4. Daktari kasema hata nikifika 12 niendelee miezi mitatu mingine ili akiba ya chuma ijae, na hedhi pia inashughulikiwa. Shangazi kafurahi, kauliza kama vile vyekundu vitabaki nimpe, ati siku hizi naye achoka. Nimemkatalia. Kwa umri wake na hedhi ilishakoma zamani, kama damu yapungua lazima ijulikane yaenda wapi. Kaninunia, lakini Jumatatu twaenda wote.