Mathayo 18 haianzi na Petro

Kwa miaka mingi nilisomewa Mathayo 18 kuanzia mstari wa 21. Petro anauliza amsamehe ndugu yake mara ngapi, Yesu anamjibu saba mara sabini, Biblia inafungwa, tunashikana mikono na kuomba. Mama alinisomea, shangazi naye akanisomea. Mzee wa kanisa alikuja nyumbani kwetu Magongo, Mombasa, na Biblia yake ya zipu, akanywa chai, akanisomea hayo hayo. Nilikuwa darasa la sita.

Aliyenitenda alikuwa mjomba, ndugu ya mama toka nitoke. Alikuja mjini kutafuta kibarua bandarini, akapewa chumba kwetu, na kwa ile sauti yake hakukaa sana kabla ya kufanywa mwalimu wa kwaya. Alichonifanyia sitakisimulia. Waliopitia wanajua, na wasiopitia wanaweza kuamini bila kusimuliwa. Yalianza nikiwa na miaka tisa. Yalipojulikana, wakubwa walikaa kikao wakakubaliana jambo limalizwe nyumbani. Mjomba akahamia Likoni. Jumapili iliyofuata alisimama mbele ya kwaya kama kawaida, nami nikaambiwa nimwamkie kwa heshima, kwa kuwa tumeshasamehe.

Tumeshasamehe nani na nani? Mimi hakuna aliyeniuliza.

Niliolewa, nikazaa, nikawa fundi cherehani, na siku zote nikaenda kanisani. Imani sikuiacha. Watu hudhani sisi tulioumizwa na watu wa kanisa huwa tunamkimbia Mungu. Wako waliokimbia, na siwalaumu hata kidogo. Mimi nilibaki kwa sababu usiku, nikiwa mtoto, nilikuwa na Yeye tu wa kuongea naye. Lakini kubaki kulikuwa na gharama. Kwaya ikianza kutafuta sauti, do-mi-so-do, tumbo hunikaza na viganja hutoa jasho. Mhubiri akisema mgeukie jirani yako umkumbatie, mimi nimeshatoka nje kama mwenye simu ya dharura. Kibaya zaidi kilikuwa kuwekewa mikono. Mchungaji anakuja na nguvu, kiganja kwenye paji la uso, mkono mwingine mgongoni, anasukuma, na mimi pale nimesimama lakini simo. Wakasema nina roho ya ukaidi kwa sababu sianguki.

Kisha tukahamia Mikindani, nikajiunga na kanisa dogo la mabati karibu na nyumbani. Baada ya ibada moja ya wanawake nilibaki nimekaa, siwezi kuinuka. Mama Mchungaji akavuta kiti cha plastiki, akakaa kando yangu, si karibu sana. Akaniuliza: "Dada, nikuombee nikiwa nimekushika mkono, au nikuombee hapa hapa nilipokaa?"

Nililia mpaka leso ikalowa. Tangu nizaliwe sikuwahi kuulizwa na mtu wa Mungu kama anaruhusiwa kunigusa. Nikamwambia aombe hapo hapo alipo. Akaomba kwa sauti ya kawaida, bila kupiga kelele, maneno machache tu, akanyamaza. Hakuniuliza kilichonipata. Nilimweleza mwenyewe, na ilichukua muda mrefu sana kufika hapo.

Yeye ndiye aliyenifungulia Mathayo 18 kuanzia mstari wa kwanza. Yesu anaita mtoto mdogo, anamweka katikati yao. Huo ndio mwanzo wa sura, mtoto katikati! Mstari wa sita anasema atakayemkosesha mmoja wa wadogo hao, yamfaa afungiwe jiwe la kusagia shingoni na kutoswa katika kilindi cha bahari. Mstari wa kumi anaonya wasidharauliwe. Kutoka wa 15 anasema ndugu yako akikukosa umwonye, asiposikia chukua mashahidi, asiposikia liambie kanisa. Ndipo Petro anakuja na swali lake. Mzee wa Biblia ya zipu aliruka mistari ishirini ili afike kwangu.

Juma lile nilivuka Likoni kupeleka sare za shule. Nilisimama kwenye ukingo wa feri nikiangalia yale maji meusi ya mkondo, ambamo meli kubwa za makontena hupita kwa raha zao, na kwa mara ya kwanza nikahisi kwamba Yesu aliyakasirikia niliyotendewa. Alikasirika kwa ajili yangu, na alitaja bahari. Sijui niseme vipi namna jambo hilo lilivyonituliza.

Wanaoharakisha msamaha wasome pia 2 Samweli 13. Tamari anabakwa na Amnoni, naye Absalomu anamwambia anyamaze, asilitie moyoni jambo hilo. Daudi anapata habari, anaghadhibika sana, na ghadhabu yake inaishia hapo. Binti anabaki katika hali ya ukiwa. Biblia yenyewe haikuficha, sisi ndio tunaoficha.

Mimi kumsamehe mjomba bado. Yu hai, mzee sasa. Sala ninayoweza ni kumwambia Bwana kwamba kisasi nimekiacha mikononi mwake, kama Warumi 12 inavyosema. Siku nyingine hata hiyo ni nzito. Mshauri nasaha ninayemwona amenifundisha tumbo likikaza nikanyage sakafu, nitaje vitu vitano ninavyoviona: feni, zulia jekundu, ngoma, dirisha, mama mwenye leso ya manjano. Mama Mchungaji hajawahi kuniambia kwamba ushauri nasaha ni upungufu wa imani, na namshukuru Mungu kwa hilo. Mwaka huu nimeweza kukaa ndani kwaya ikitafuta sauti. Si kila Jumapili.

Sasa nimgeukie mama ambaye jambo liko nyumbani kwake leo. Kumalizana nyumbani hakufuti kosa. Sheria ya Makosa ya Kijinsia ya Kenya ya 2006 inasema anayemnajisi mtoto wa miaka 11 au chini hufungwa maisha, na kesi haiondolewi kwa kuwa ukoo umepatana. Uamuzi huo ni wa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Usimwogeshe mtoto. Nguo alizovaa zifunge kwa gazeti au mfuko wa karatasi, si nailoni. Mpeleke Makadara, Hospitali Kuu ya Pwani, kuna kitengo cha waathiriwa wa dhuluma za kijinsia. Dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi lazima zianze kabla ya saa 72 kupita, na mapema zaidi ni bora. Hakikisha daktari amejaza PRC, ile fomu ya huduma baada ya kubakwa, halafu polisi wakupe P3, fomu yao ya ripoti ya uchunguzi wa daktari. Simu 116 ni ya watoto, 1195 ni ya dhuluma za kijinsia, zote bila malipo. Ukiogopa kwenda peke yako mchukue jirani, na usingoje kikao cha ukoo kikae kwanza.