Nywila iko harusini

Juzi nilikuwa nyumbani huku kanda ya ziwa, mama mdogo akaniomba nimsindikize kituo cha kompyuta cha jamii, "kule kwenye kompyuta", maana kikundi chao cha dagaa kinaomba ule mkopo wa halmashauri unaotoka kwenye asilimia 10 ya mapato yake ya ndani (wanawake asilimia 4, vijana 4, wenye ulemavu 2) na siku hizi maombi yanaingizwa kwenye mfumo wa mtandaoni, sio unampelekea afisa maendeleo barua ya mkono basi umemaliza. Tumefika saa 8 mchana, kina mama saba, wawili na watoto mgongoni, kwa sababu hiyo ndo saa yao, ushatoka shamba, dagaa ushaanika, na maji ya jioni bado hujayawaza. Umeme upo, bando lipo, kompyuta zinawaka. Nywila, lile neno la siri la kuingilia, haipo. Kumbe kijana wa kituo akaunti ya kikundi kaifungua kwa laini yake mwenyewe, nywila anayo kichwani, na yeye yuko Mwanza kwenye harusi, simu haipatikani.

Simlaumu sana, aliona anawasaidia. Ila hii nimeiona sana: mama anakaa kwenye ncha ya kiti, kijana ndo anabofya, mama anaulizwa tu jina, namba ya NIDA, kama yuko mapokezi hospitali. Akitoka anasaini daftari la wageni na anahesabiwa kwamba katumia kompyuta. Katumia wapi jamani!

Wenzetu wa Nakaseke, Uganda, walifunguliwa kituo kama hiki 1999, baadaye kikawekewa sidii (CD) ya mawazo ya biashara kwa wanawake wa vijijini, na ile sidii inaongea Kiganda, picha na sauti, kwa hiyo hata bibi asiyejua kusoma anabofya mwenyewe anasikiliza. Hiyo ni zaidi ya miaka 20 iliyopita, sisi leo tunatafuta nywila harusini.

Kijana karudi Jumatatu. Mama mdogo kaenda na laini yake, akamwambia, "Mwanangu, badilisha iwe hii, halafu geukia ukutani." Akawa anabonyeza herufi moja moja kwa kidole kimoja, kakosea mara mbili, wenzake kimyaaa kama wanasubiri matokeo ya darasa la saba. Ikakubali. Sasa hivi nywila anaijua yeye na mweka hazina tu. Mimi nilivyomuuliza akacheka, akaendelea kuchambua dagaa.