Mikono ya Sweta la Bluu

Jana jioni mwanangu wa mwisho aliingia ndani amelowa chapachapa, akavua kofia, akaitupia mgongoni mwa kiti na kukimbilia chumbani kubadili nguo. Kabla sijasema neno, harufu ikanifikia. Harufu ya sufu iliyolowa haikosewi na mtu aliyewahi kuifuma. Ni nzito, ina joto ndani yake, inafanana na ya mnyama aliyejikunja karibu na mlango. Sufu hunywa maji kimyakimya. Inaweza kuficha unyevu wa karibu theluthi ya uzito wake na bado ukiigusa ukaiona kavu. Ikizidiwa ndipo inapojitangaza.

Nikaichukua ile kofia, nikaibana kati ya viganja viwili bila kuisokota, maji yakachuruzika ndani ya beseni. Mtoto akarudi, akasimama karibu yangu akitazama.

"Mama, hii kofia zamani ilikuwa nini?"

Kwetu swali hilo si geni. Shuka likichakaa katikati tunalichana kwa urefu, tunaunganisha pindo kwa pindo ili sehemu nzima ije katikati, na likichoka tena linakuwa foronya, kisha vitambaa vya kufutia vyombo. Vifungo vya mashati yaliyokwisha viko kwenye kopo. Watoto wangu wamekua wakiulizia habari za vitu jinsi watoto wengine wanavyoulizia habari za mababu zao.

"Ilikuwa skafu ya mama mkubwa," nikamjibu.

"Na kabla ya skafu?"

"Sweta. Sweta langu la bluu."

Akaridhika kwa muda, akaanza kuhesabu matone yaliyokuwa yakidondoka kutoka kwenye kofia. Mimi nilikuwa nimeshafika mbali.

Mwaka ule sweta lilipogeuka skafu ulikuwa mgumu kwetu. Kazi ilikatika mwezi wa tano, mume wangu naye akapunguziwa siku, na hadi kufika Desemba tulikuwa tumezoea kuishi kwa kupima: sabuni kwa kupima, taa kwa kupima, safari kwa kupima. Nikawatangazia wa nyumbani kwamba zawadi za mwisho wa mwaka zitatoka humuhumu ndani, tusinunue hata uzi. Mpwa wangu akapata daftari nililolishona kwa kurasa tupu za madaftari ya shule yaliyokwisha. Wifi akapata leso nne zilizokatwa kwenye kingo nzima za shuka, kila moja na herufi ya jina lake pembeni. Vipande vya mishumaa vikayeyushwa na kuwa mshumaa mmoja mnene. Kazi hizo nilizifanya kwa furaha, na hadi leo nikizikumbuka sioni aibu yoyote.

Mtihani ulikuwa zawadi ya dada. Ndiye aliyenifundisha kufuma, nikiwa na miaka 9, akinishikisha sindano kwa vidole vyake juu ya vidole vyangu. Na mwaka ule ndiye aliyelipa ada ya muhula wa watoto kabla sijamweleza chochote. Niliambiwa tu na ofisi ya shule kwamba imeshalipwa. Mtu wa namna hiyo humpi leso ya shuka. Nilitaka kitu kitakachomkaa mwilini.

Nikafungua kabati. Masweta yalikuwa sita, na matano kati yake yalikuwa ya kiwandani. Nilianza na moja la kijivu, nikafumua mshono wa ubavuni, nikavuta uzi. Ulikuja mfupi, urefu wa mstari mmoja tu, ukakatika. Nikavuta mwingine, ukawa vilevile. Ndipo nikaelewa jambo ambalo dada aliwahi kuniambia na sikulitilia maanani: masweta mengi ya namna ile hukatwa kwenye kitambaa kikubwa kilichofumwa kwa mashine, kisha kingo hushonwa kwa mashine ya kuziba. Kila mstari umeshakatwa huku na huku. Ukilifumua unabaki na rundo la vipande visivyofaa hata kushona kifungo.

Lililobaki lilikuwa moja, lile la bluu. Hilo lilifumwa kwa mkono, kipande kwa kipande: mbele, nyuma, mkono na mkono, kila kimoja kwa uzi unaokwenda bila kukatika mpaka bonge linapoisha. Sweta la mtu mzima mara nyingi lina uzi wa zaidi ya kilomita 1. Nilikuwa sijalivaa kwa misimu miwili ya baridi kwa sababu viwiko vilikuwa vimelika. Alinifumia dada, nilipojifungua mtoto wa kwanza.

Sikufikiri kwa muda mrefu. Nilijiambia uzi huu ni wake, unarudi kwake ukiwa na sura nyingine. Usiku ule hoja hiyo ilinitosha kabisa.

Watoto walipolala tukakaa, mimi na mume wangu. Nilikata nyuzi za kuunganishia, ubavuni na mabegani, nikatenganisha vipande vinne juu ya meza. Kilichofumwa kutoka chini kwenda juu hufumuliwa kuanzia juu, pale mfumaji alipofunga kazi. Nikakitafuta kile kifundo cha mwisho cha dada karibu na shingo, kidogo kama punje, kimefichwa kwa ustadi, nikakifungua kwa ncha ya sindano. Baada ya hapo ilikuwa kuvuta tu. Mstari baada ya mstari ulifunguka kwa sauti ndogo, kama mtu anayechana karatasi laini chumba cha pili. Mume wangu aliuzungusha uzi kwenye mgongo wa kiti. Ulitoka umejikunjakunja mawimbi mawimbi, mfano wa nywele zilizofumuliwa baada ya kukaa na misuko kwa wiki nyingi. Uzi haujui kwamba umefumuliwa; unaendelea kushika umbo la ulichokuwa. Tukaufunga sehemu nne usivurugike, nikauloweka kwenye maji ya uvuguvugu, maana ya moto yakichanganyika na kusuguliwa huishikamanisha sufu ikawa kama zulia. Asubuhi nikauning'iniza na kopo dogo la maji chini yake ili uzito uunyooshe.

Mbele na nyuma vikatosha kwa skafu pana, ya kuzungushwa shingoni mara mbili. Mikono ilinipa tabu kwa sababu ya viwiko. Ilinibidi nikate sehemu zilizolika na kuunga zilizo nzima, na sufu huungwa bila kifundo: unachambua ncha mbili, unazilaza pamoja, unazilowesha, unazisugua viganjani mpaka magamba madogo ya kila unywele yashikane. Uzi wa kuungaungwa namna hiyo sikutaka kumpa dada. Nikaufumia soksi za mwanangu wa kwanza.

Skafu niliimaliza kwa usiku kumi na minne. Hapo hakuna hadithi.

Siku yenyewe dada alikuja mchana, akakaa kwenye kiti chake karibu na dirisha. Nilikuwa nimeifunga zawadi kwa karatasi ya mwaka uliopita, nimeinyoosha kwa pasi. Akaifungua kwa kucha, polepole, bila kuichana, kwa kuwa na yeye huzitunza. Akaitoa skafu, akaikunjua mapajani. Akasema ni nzuri. Akasifu kingo, kwamba zimenyooka, na kusikia hivyo kutoka kwake kulinipa raha niliyokuwa sijaipata mwaka mzima.

Kisha akaanza kuipitisha kidoleni. Nadhani ni mazoea tu ya mfumaji. Hata mimi siwezi kushika kitu kilichofumwa bila kukipapasa. Kidole gumba chake kilianzia ncha moja, kikapanda vitanzi kwa vitanzi, taratibu, yeye akiwa anamsikiliza mume wangu akisimulia jambo. Nilikuwa nakitazama kile kidole. Kilipofika karibu robo ya skafu kikasimama.

Nilijua kimesimama wapi. Alipokuwa akilifuma lile sweta uzi ulimwishia, akanunua bonge jingine la rangi ileile lakini lililotiwa rangi siku tofauti. Bluu mbili za namna hiyo ni nadra kulingana sawasawa, hata kama karatasi zake zimeandikwa jina moja. Kwenye sweta mpaka wao ulipita chini kidogo ya kifua, na kila aliponiona nimelivaa alikuwa akipagusa pale na kusema, "Hapa palinishinda." Mimi nilikuwa nimeshapasahau. Wakati nafuma usiku, kwa taa moja, sikupaona. Mchana ule, dirishani, palionekana wazi kama alama ya maji ukutani.

Kidole kikarudi nyuma vitanzi vichache, kikasonga tena mbele, kikasimama palepale. Mume wangu akaendelea na hadithi yake. Watoto walikuwa wakigombania mshumaa. Dada hakuniangalia. Aliinamisha kichwa, akaisogeza skafu karibu na mwanga, akaitazama ile sehemu kwa muda ambao mimi niliuona mrefu mno, midomo ikicheza kidogo, jinsi inavyocheza anapohesabu. Nikasubiri aseme amelijua. Nilikuwa na maneno yangu tayari, ya uzi kurudi kwa mwenyewe.

Akauliza, "Mikono iko wapi?"

Kati ya maneno yote niliyoyatarajia, hilo halikuwamo. Nikamwonyesha miguu ya mwanangu, aliyekuwa amepiga magoti kwenye sakafu, nyayo zake mbili za bluu zimetugeukia.

Dada akazitazama zile soksi.

"Ile mikono niliifuma mara mbili," akasema. "Mara ya kwanza ilikuja mifupi."

Basi. Akaizungusha skafu shingoni, mara mbili, akakaa nayo mpaka jioni ingawa ndani hapakuwa na baridi. Alipoondoka alinikumbatia kama kawaida, akaniambia, "Lala mapema, mdogo wangu, umechoka."

Nimeligeuza neno lile la mikono kila mwisho wa mwaka. Kuna miaka naona alikuwa ananilaumu: kwamba viwiko vingetiwa viraka, au ningempelekea akanifumia mikono mipya kwa wiki moja, na sweta likaishi. Hilo ni kweli, na uchungu wake ni kwamba halikunijia kabisa; umaskini wa mwaka ule ulinifundisha kuona uzi ndani ya kila kitu nikaacha kuona kitu chenyewe. Kuna miaka naona alikuwa anauliza tu, kama fundi anavyomuuliza fundi, vipande vingine vimekwenda wapi. Na kuna miaka naona yeye ndiye aliyekuwa akiniambia siri, kwamba hata yeye aliwahi kuifumua kazi ileile, usiku, peke yake, kwa ajili yangu. Sijawahi kumuuliza. Mara mbili nilishika simu kwa nia hiyo tukaishia kuzungumzia magoti yake.

Miaka minne ilipita. Mwanangu wa mwisho alipotimiza mwaka mmoja, kikaja kifurushi, na ndani yake kofia ya bluu. Niliupapasa uzi nikaujua kabla sijaitoa yote. Mpaka wa bluu mbili ulikuwa umezunguka juu ya masikio. Aliifuma kubwa, pindo limekunjwa ndani mara tatu, na kila mwaka nimekuwa nikifungua pindo moja. Hapakuwa na barua. Skafu nzima haiwezi kuisha kwenye kofia moja. Uzi uliobaki hajaniambia umekwenda wapi, nami sijauliza. Je, alinisamehe, au alinirudishia? Kwenye meza yangu ya Desemba, ninapokaa na daftari kuandika yaliyokwisha na yaliyobaki kwenye sindano, jambo hili huwa naliandika upande wa yaliyobaki. Mwaka huu pia nimeliandika huko.

Kofia nikailaza bapa juu ya taulo kavu. Mtoto alikuwa bado yuko pale, amesimama kwa mguu mmoja, anafikiri.

"Sweta lina tumbo na mgongo," akasema. "Hivyo ndivyo vikawa skafu?"

"Ndiyo."

"Na mikono je? Mikono iko wapi?"

Nikamtazama. Alikuwa hajazaliwa siku ile, na neno hilo sijamsimulia mtu yeyote nyumbani.

Zile soksi zilivaliwa na kaka yake, kisha na dada yake, mpaka visigino vikaisha. Nilizikata miguuni, nikabakiza sehemu za juu, za kuzunguka kifundo cha mguu, nikazitia chini kabisa ya kikapu cha nyuzi. Ni vipande viwili vya ukubwa wa kiganja. Nikaenda kuvichukua. Kimoja kilikuwa kimeshikana kwa kufuliwa sana, hakifumuki tena. Cha pili nikakitafuta kifundo, nikakipata, nikakifungua kwa ncha ya sindano, na uzi ukaanza kuja, mwembamba, umepauka, umejikunjakunja kama siku ile.

"Nyoosha mikono," nikamwambia.

Akainyoosha, viganja vikitazamana, nami nikaanza kuuzungusha.