Kumtafuta nyanya katika sajili ya wapiga kura

Ukiuliza habari za ukoo katika nyumba nyingi za Kisumu, Kakamega au Nakuru, majina ya wanaume hutoka haraka. Ya wanawake hukwama kwenye "mama yake fulani". Vitabu vya serikali vina pengo lilo hilo. Kipande cha mkoloni, yaani hati ya utambulisho ya Waafrika iliyoanza kutolewa kama mwaka 1920, kilikuwa cha wanaume. Wanawake waliingizwa katika usajili wa vitambulisho mwaka 1978. Usajili wa vizazi na vifo nao ulifika nchi nzima mwaka 1971 tu. Nyanya ambaye hakubatizwa wala kusoma shule ya misheni, basi, huenda aliandikwa na serikali kwa mara ya kwanza siku aliyojiandikisha kupiga kura. Ndiyo maana kadi kuukuu ya kura iliyofungwa kwenye kitambaa sandukuni isitupwe hata ikiwa imechakaa.

Kabla ya kutafuta jina, jua sheria ya mwaka unaoutafuta. Hapo ndipo wengi hupotea. Waafrika walichagua wabunge wao wa kwanza wa Baraza la Kutunga Sheria Machi 1957, viti vinane tu. Oginga Odinga alishinda Nyanza ya Kati, Masinde Muliro Nyanza Kaskazini, Lawrence Oguda Nyanza Kusini na Daniel arap Moi Bonde la Ufa. Kura haikuwa ya kila mtu: ilitegemea elimu, mapato au mali, utumishi wa miaka mingi, au heshima ya mzee. Aliyetimiza masharti kadhaa aliweza kupewa hadi kura tatu. Ukimpata babu katika karatasi za 1957, umepata zaidi ya jina. Uliza alikuwa mwalimu, karani, askari wa zamani au mfanyabiashara, kisha fuata uzi huo. Usipompata, usihitimishe lolote. Wengi hawakustahili kwa masharti hayo. Kwa familia za Wakikuyu, Waembu na Wameru waliokuwa Nakuru kuna kizuizi kingine: wakati ule wa Hali ya Hatari, enzi ya Mau Mau, walidaiwa kwanza cheti cha uaminifu kwa serikali.

Mwaka 1961 mlango ulipanuka. Ilitosha kujua kusoma na kuandika lugha yako, au kuzidi miaka 40, au kushika wadhifa uliotajwa, au kupata pauni 75 kwa mwaka. Umri wowote uliotajwa mwaka huo upime kwa makini, maana asiyejua kusoma alikuwa na sababu ya kujiongezea miaka. Mei 1963 kura ikawa ya kila mtu mzima wa miaka 21, na mwaka 1974 umri ukashuka hadi 18. Hesabu inayofuata ni rahisi: aliyepiga kura 1963 anapaswa kuwa amezaliwa 1942 au kabla. Huo ni mpaka wa chini wa umri tu. Hausemi kama alikuwa na miaka 21 au 70. Kwa Wabukusu, jina la rika hukaza hesabu vizuri, kwa kuwa jando lao hufanywa miaka inayogawanyika kwa mbili. Kwa Wakalenjin pia uliza rika kabla ya kuuliza mwaka.

Kisha mipaka. Kijiji hakikuhama, lakini jina la wilaya juu yake lilihama mara kwa mara. Kavirondo ya Kaskazini iliitwa baadaye Nyanza Kaskazini. Katikati ya miaka ya 1950 ikamegwa Elgon Nyanza, na mwaka 1963 ukaundwa Mkoa wa Magharibi. Kericho ilikuwa ndani ya Nyanza kabla ya mwaka huo. Kwa hiyo mtu wa Kimilili hutamkuta chini ya "Bungoma" kwenye karatasi za 1957. Andika lokesheni, sub-lokesheni na jina la chifu wa wakati huo, halafu tafuta wilaya iliyowashika mwaka huo.

Majina ndiyo kazi yenyewe. Karani aliandika alivyosikia: L na R hubadilishana, H hupotea, B inakuwa V. Tengeneza orodha ya tahajia tano au sita kabla ya kufungua faili. Kwa Wakalenjin, Kiprono wa utotoni si jina ambalo mwanawe atalibeba. Mwana ataitwa arap Rono. Mwanamke anaweza kuwa chini ya jina la baba katika kadi moja na la mume katika nyingine, na wake wa mume mmoja wakaonekana kama dada. Sajili haitaji uhusiano. Inaweka jina mahali pamoja mwaka mmoja, basi.

Makavazi ya Kitaifa yako Moi Avenue, Nairobi. Nenda na kitambulisho na penseli. Omba faili kwa namba: PC/NZA ni za Mkoa wa Nyanza, DC/CN za Nyanza ya Kati, DC/NN za Nyanza Kaskazini, DC/NKU za Nakuru. Katika faili za uchaguzi usitazame orodha za majina tu. Barua za machifu, vituo vya kupigia kura na majina ya makarani wa vituo mara nyingi huwa na watu wa ukoo pia.

Ukishapata jina na mahali, hamia kwenye Gazeti Rasmi la Serikali, ambalo matoleo yake mengi ya zamani yako mtandaoni. Notisi za mirathi za mahakama za Kisumu, Kakamega na Nakuru hutaja marehemu, alikoishi, tarehe ya kifo na wanaoomba usimamizi wa mali, mara nyingi kwa uhusiano wao: mjane, mwana. Hapo ndipo jina la sajili linapopata watoto. Linganisha mahali na tahajia, ya sajili na ya Gazeti, kabla ya kuunganisha.

Kila ugunduzi uandike vile ulivyoukuta, makosa ya tahajia yakiwemo, pamoja na mwaka, kituo na namba ya faili. Namba ya kitambulisho ya jamaa aliye hai iache nje ya mti unaousambaza kwenye kundi la WhatsApp la ukoo.