Nilivyoiweka akili unde kulinda barua pepe za ofisi ya uwakala wa forodha

Ofisi ninayoihudumia ni ya uwakala wa forodha: kompyuta 11 Kampala na 3 Malaba. Chenye thamani humo ni barua pepe. Ankara, hati za shehena na namba za akaunti za benki zote hupitia huko. Mwizi wa siku hizi hasumbuki na mashine. Husubiri ankara kubwa itajwe, kisha hutuma yake siku hiyohiyo yenye akaunti tofauti.

Zamani barua kama hizo zilijulikana kwa Kiingereza kibovu. Tangu ChatGPT itoke Novemba 2022, alama hiyo imekufa. Iliyonaswa kwetu iliandikwa vizuri kuliko anavyoandika mteja mwenyewe, na ilitaja namba sahihi ya kontena. Kasoro ilikuwa moja: ndani ya anwani, mahali pa herufi m palikaa r na n zilizobanana. Mhasibu hakuiona. Programu ya akili unde iliiona, kwa sababu hulinganisha kila anwani na zile zilizowahi kuandikiana nasi, na hii ilikuwa mgeni aliyevaa jina la mwenyeji.

Namba ya kontena ndiyo iliyoninyima usingizi: mwizi aliijuaje? Programu hizi hujifunza kwanza mazoea ya ofisi: nani huingia saa ngapi, kwa kifaa gani, kutoka wapi. Yangu niliipa siku 30, lakini niliiwasha kabla ya kufagia. Katika sanduku la mhasibu tayari kulikuwa na kanuni iliyopeleka nje nakala ya kila barua yenye neno “invoice”. Kwa kuwa ilikuwepo tangu siku ya kwanza, programu iliihesabu kuwa desturi ya nyumba.

Kwa hiyo nilianza upya, safari hii kwa mpangilio. Nilikagua kanuni za kila sanduku na kufuta zinazotuma barua nje, nikazima akaunti za walioacha kazi. Kisha nikawatoa watu wote kwenye vifaa vyote kwa pamoja na kubadilisha paswadi. Ukibadilisha paswadi tu, aliyekwisha kuingia anaweza kuendelea kukaa ndani. Uthibitisho wa hatua 2 niliuweka kwenye programu ya simu badala ya SMS, maana namba ya simu huweza kuhamishiwa laini nyingine na tapeli. Baada ya hayo ndipo nilipohesabu siku 30 tena.

Malaba ilitaka subira ya pekee. Simu ikiwa karibu na mpaka hudaka mtandao wa Kenya, basi mtu aliyeingia saa 4:00 akiwa “Uganda” huonekana saa 4:10 yuko “Nairobi”. Programu ilifunga akaunti mchana kweupe, malori yakiwa foleni. Kuiruhusu Kenya yote kungekuwa kuacha geti wazi. Niliruhusu vile vifaa 3 vya Malaba tu. Mfanyakazi akipata maonyo 20 ya uongo kwa siku, la 21 atalipuuza hata likiwa la kweli.

Kuhusu jina la ofisi kutumiwa na matapeli, akili unde si dawa. Hapo ni rekodi za SPF, DKIM na DMARC, zinazowekwa kwenye jina la ofisi la mtandaoni ili anayepokea barua ajue kama kweli imetoka kwetu. DMARC, inayosema barua isiyothibitika ifanyweje, niliianza kwa kutazama ripoti tu wiki 3, ndipo nikaamuru barua za bandia zikataliwe. Ukiruka hatua hiyo, barua za programu ya uhasibu inayotuma ankara kwa jina lako nazo zinaweza kukataliwa.

Sauti ni hatari nyingine. Januari 2023 Microsoft ilionyesha mfumo unaoiga sauti ya mtu kwa sampuli ya sekunde 3, na bosi wetu hutuma sauti za WhatsApp kutwa nzima. Mapema 2024 polisi wa Hong Kong walieleza kuhusu mfanyakazi aliyelipa dola za Hong Kong milioni 200 hivi baada ya kikao cha video chenye sura bandia za wakubwa wake. Hapa hakuna programu ninayoiamini. Kanuni yetu: akaunti ya benki au namba ya mobail mani ikibadilika, unampigia mhusika kwa namba iliyo kwenye daftari, kamwe si ile iliyo kwenye ujumbe, na mtu wa pili anaidhinisha. Bosi alinung'unika kwamba anacheleweshwa. Acha anung'unike.

Wafanyakazi wenyewe nao walikuwa wakibandika orodha za wateja, TIN na namba za pasipoti kwenye akili unde ya bure ili iwapangie majedwali. Nimelipiga marufuku. Sheria ya Uganda ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inakutaka uitaarifu mamlaka mara moja data ikivuja, na huwezi kuripoti usichojua kimekwenda wapi.

Sasa programu ina ruhusa ya kuitenga kompyuta ya mfanyakazi bila kuniuliza. Kompyuta ya kutolea hati za forodha haiigusi. Kwa kompyuta hiyo programu hunipigia kengele tu, hata ikiwa saa 8 za usiku.